Mwaka wa tatu wa hesabu: nichague kozi gani, niache gani?

Jambo Mama Mwalimu. Niko mwanafunzi wa L2 mu hesabu na informatiki hapa Lubumbashi, mwaka unaokuya naingia L3. Ku departema banatupatia liste ya kozi tisa, kila mutu achague ine: aljebra ya magrupu, topolojia, analizi kompleksi, probabilite, statistiki, analizi numeriki, risherishi operasioneli, teoria ya nambari, na jeometria diferensieli. Miye napenda sana aljebra, mwaka huu nilipata 15 juu ya 20. Lakini papa anatumika mu mine, anasema aljebra haiwezi kulisha mutu, nichukue statistiki na bintu bya ordinatere tu. Barafiki nabo banasema tufwate paka profesa mwenye kupatiana pointi. Formulere inapashwa kurudishwa mbele mwezi uishe. Tena naogopa, juu nasikiaka kama mutu akichagua mubaya masta hataingia. — M., Katuba

Binti yangu M., chukua aljebra. Naanza na jibu juu najua formulere iko mezani inakungoja, sasa acha nikueleze sababu, na zile tatu zinazobaki tuzitafute pamoja maana hapo njo kuko kazi.

Watu wanagawa kozi za hesabu mafungu mawili, za kazi na za bure, na papa yako anagawa vile, marafiki zako nao wanagawa vile, isipokuwa wao wameongeza fungu la tatu la pointi rahisi. Mimi nazigawa kwa swali lingine: hii kozi naweza kujifunza peke yangu nyumbani ao siwezi? Kuna kozi ambazo ukikosea mashini inakuonyesha palepale, unaandika programu haitembei, unasahihisha, unaandika tena, na kwa ordinatere ya kuazima na mega kidogo za intaneti mtu mwenye bidii anafika mbali sana. Na kuna kozi ambazo kosa lako halionekani hata siku moja, umeandika ukurasa mzima wa uthibitisho umefurahi umeenda kulala, kumbe mstari wa nne uliandika "ni wazi kwamba" na haikuwa wazi hata kidogo, na atakayekuambia ni mtu anayejua, anayekaa chini anasoma karatasi yako na kalamu nyekundu mkononi. Aljebra ya magrupu, topolojia, analizi, probabilite ile ya nadharia, zote ziko kwenye fungu hilo. Sasa uko chuoni, uko na profesa na asistanti ambao kukusahihisha ni kazi yao, ukishatoka hauko nao tena. Nimefundisha miaka mingi na vijana waliojifunza kuprogramu baada ya kutoka chuo nimewaona wengi mno, wale waliojifunza kuthibitisha baada ya kutoka chuo ninaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Yalinipata mimi mwenyewe. Wakati wangu kulikuwa kozi ya nadharia ya vipimo, mezire, nikaikimbia juu kila mtu alisema ni ngumu, nikachukua kozi mbili nyepesi nikapata pointi nzuri. Halafu memware yangu ikaangukia kwenye probabilite, kila makala ninayofungua inaanza na maneno ambayo wenzangu waliyafundishwa na mimi sikuwako, na profesa aliyekuwa ananiongoza hakuwa na muda wa kunianzisha upya. Miezi minne nilikaa na silabisi ya kuazima usiku usiku, umeme ukikatika naendelea na taa, nikijifunza kitu ambacho ningepewa kwa semesta moja nimekaa kwenye benchi na mtu ananijibu maswali. Nilimaliza, lakini ile miezi bado naihesabu kama hasara.

Kwa hiyo aljebra ni ya kwanza. Umepata 15 na unaipenda, na kuipenda si jambo dogo, kozi za mwaka wa tatu zinakula usiku wa mtu na huwezi kutoa usiku wako kwa kitu usichopenda. Tena aljebra hii njo itakuonyesha kwa nini ekwasio ya digri ya pili iko na formula mliyoikariri sekondari, ya tatu iko nayo, ya nne iko nayo, na ya tano formula ya namna ile haiko na haitakuwako, mwanahesabu Abel alilithibitisha 1824, halafu mwenzake Galois akaeleza ni ekwasio zipi zinakubali na zipi zinakataa, na alikufa 1832 akiwa na miaka 20 tu. Umri wako, M. Mtu akifika mwisho wa hiyo kozi anaelewa kwamba "haiwezekani" ni kitu ambacho unaweza kukithibitisha kama unavyothibitisha "inawezekana", na kichwa chake hakirudi kama kilivyokuwa.

Sasa papa. Usimpinge papa yako, kwa sababu kuhusu mine ana haki nusu, na ile nusu tunaweza kuitumia. Mwulize hivi: kampuni ikitoboa mashimo mia moja kwenye ardhi ya Katanga na kupima shaba na kobalti katika kila shimo, inajuaje kilichoko katikati ya mashimo, pale ambapo hawakutoboa? Iko namna ya kuhesabu inaitwa krigeage, imepewa jina la Danie Krige, injinia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi kwenye dhahabu ya Witwatersrand na akaandika mambo hayo 1951, kisha Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia kamili miaka ya 1960. Wazo lenyewe unaweza kulisema jikoni: mashimo yaliyo karibu yanafanana kuliko yaliyo mbali, basi unapima kufanana kunapungua namna gani kadiri umbali unavyoongezeka, halafu kila shimo unalipatia uzito wake, uzito unaochaguliwa ili kosa la wastani liwe dogo kuliko yote. Na kutafuta hizo uzito ni kusuluhisha mfumo wa ekwasio linia, ambao ndani yake mumejaa kovarianse, yaani vipimo vya namna vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja. Yaani ile kitu papa anaiita statistiki ya mine, ukiifungua, ndani unakuta probabilite na aljebra linia. Mtu aliyefundishwa kubonyeza programu tu atabonyeza, na siku programu ikitoa hesabu ya ajabu hatajua kama ni mwamba ao ni yeye.

Njo maana kati ya probabilite na statistiki mimi nakuambia chukua probabilite. Si kwamba statistiki ni mbaya! Ni kwamba ukiwa na probabilite yenye nguvu, statistiki utaisoma mwenyewe kwenye kitabu na utaielewa, lakini kwenda nyuma, kutoka statistiki ya formula mpaka probabilite, wengi nimewaona wanakwama njiani. Kozi zinafuatana kama mahindi, huwezi kuvuna kabla ya kupanda, kwa hiyo kila kozi kwenye liste yako iulize: wewe unafungua mlango gani wa masta, na wewe mwenyewe unadai kozi gani kabla yako? Chukua karatasi uchore mishale. Utaona topolojia inafungua analizi ya funksioni na jeometria, probabilite inafungua prosesi stokastiki, yaani mambo yanayobadilika kwa bahati, na fedha na bima, na kozi moja mbili hazifungui kitu chochote, ni vyumba vya mwisho, vizuri lakini vya mwisho.

Ya tatu, analizi numeriki, na hapa papa atafurahi juu iko na ordinatere. Lakini usiichukue kwa sababu ya ordinatere, ichukue kwa sababu inakufundisha kutoiamini. Tarehe 25/2/1991, vita ya Ghuba, kule Dhahran Saudia, mitambo ya Marekani ya kuzuia makombora ilikosa kombora moja la Iraki na askari 28 walikufa. Sababu iliyopatikana ni hesabu: saa ya mitambo ilikuwa inahesabu kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na 1/10 ukiiandika kwa lugha ya mashini, ile ya 0 na 1, haiishi, kama vile 1/3 haiishi kwetu tukiandika 0,333, basi mashini inakata mkia. Mkia ni mdogo sana, lakini mitambo ilikuwa imewaka saa 100 hivi bila kuzimwa, mikia ikajumlishana ikafika karibu 0,34 ya sekunde, na katika muda huo kombora linapita zaidi ya nusu kilometa. Hiyo njo analizi numeriki: kosa linazaliwa wapi, linakua namna gani, na nani analizuia.

Ya nne nakuachia wewe, ila mimi ningeweka analizi kompleksi kama ile ya analizi halisi ilikupitia vizuri. Ni kozi yenye zawadi nyingi kwa jasho la kawaida. Integrale ya 1/(1+x⁴) kutoka minus infini mpaka plus infini, jaribu kuifanya kwa mbinu za mwaka wa kwanza utajaza kurasa, kwa kompleksi unatazama nukta mbili tu na jibu linakuja, π juu ya mzizi wa 2. Topolojia nayo ni nzuri, lakini aljebra, topolojia na probabilite kwa mwaka mmoja ni mzigo, semesta ni kredi 30 na kichwa ni kimoja, usiweke kozi tatu za kuthibitisha kwenye semesta moja pamoja na kazi ya mwisho. Tena uliza sekretarieti kama kozi inatolewa kila mwaka, kuna kozi zinalala mwaka mzima profesa akiwa safarini, na ile inayokaribia kulala ichukue kwanza.

Kama hauko na uhakika unapenda upande gani, fanya kipimo kidogo usiku wa leo. Chukua funksioni x, x², x³, x⁴, endelea vile bila kuisha, kati ya 0 na 1. Kila moja ni laini, haina mkato. Sasa tazama zote zinakwenda wapi: kila mahali zinashuka kwenye 0, isipokuwa kwenye 1 yenyewe zinabaki 1. Laini zote zimezaa kitu chenye mkato! Ukihisi lazima ujue kwa nini, na sharti gani lingezuia ile mkato, wewe ni mtu wa analizi na topolojia. Ukihisi kwanza unataka kuzichora kwa mashini uone zinaanguka kwa haraka gani, wewe ni mtu wa numeriki. Ukihisi usingizi, hapana kuogopa, jaribu tena kesho na tatizo la magrupu.

Kuhusu profesa wa pointi nitakuambia ukweli bila kukuficha. Pointi zina maana, releve yako, ile karatasi ya pointi zote, itasomwa na watu ambao hawakujui, na 9 kwenye topolojia haitakusaidia popote. Lakini wale watu wanasoma pia majina ya kozi. Masta za hesabu zenye bursa, kwa mfano zile za AIMS, taasisi ya Afrika ya hesabu, iliyoanza Cape Town 2003 na sasa iko na kituo mpaka Kigali hapa karibu, zinapokea vijana kutoka Afrika nzima na wote wako na pointi, mtu anatazamwa alisoma nini na ameelewa nini, na Kiingereza pia, kwa hiyo anza Kiingereza chako sasa, usingoje. Profesa mchague, ndiyo, ila chagua yule anayerudisha karatasi zikiwa na maandishi. Tafuta mkubwa wako wa mwaka uliopita akuonyeshe interogasio yake ilivyosahihishwa na maswali ya egzame ya miaka miwili mitatu nyuma. Ukikuta maswali yaleyale kila mwaka na karatasi iko na pointi tu bila neno, umeshajibiwa.

Papa mpelekee karatasi yako yenye mishale, mwonyeshe krigeage inakaa wapi. Mzazi anayefanya kazi mine anajua maana ya kutoboa shimo kabla ya kuchimba.

Shikamoo mwalimu. Miye niko mu chuo cha ualimu, nitakuwa mwalimu wa sekondari, sitaki masta. Je, hizi kozi za juu zina maana gani kwangu? Nachukua zile nyepesi nimalize? — J., Ruashi

Marahaba mwanangu. Usichukue nyepesi, wewe njo unazihitaji kuliko M.

Mwanafunzi wa darasa la hesabu anauliza maswali ambayo mtu wa masta haulizwi kamwe. Atakuuliza kwa nini minus mara minus ni plus, na ukimjibu "ni sheria" umemfungia mlango. Atakuja asubuhi na kompasi na rula anasema amegawa pembe yoyote mafungu matatu sawa, na wewe unapashwa kujua kwamba mwanahesabu Wantzel alithibitisha 1837 kwamba kwa kompasi na rula tu haiwezekani kwa kila pembe, na unapashwa kutafuta kosa lake kwa upole mpaka yeye mwenyewe alione. Vyote viwili vinatoka kwenye aljebra, chukua aljebra.

Na chukua jeometria, hata ile diferensieli kama chuo chenu kinaitoa, kwa ajili ya ramani moja. Kila shule yetu iko na ramani ya dunia ukutani, na kwenye zile za zamani Greenland inaonekana kubwa karibu kama Afrika nzima. Afrika inaipita mara 14 hivi. Hata Kongo yetu peke yake, kilometa za mraba milioni 2,3, ni kubwa kuliko Greenland yenye 2,2 hivi, na watoto wetu wamekua wakitazama ule ukuta bila mtu kuwaambia. Mwanahesabu Gauss alionyesha 1827 kwa nini: uso wa mpira na karatasi iliyolala havina mpindo mmoja, kwa hiyo hakuna ramani ya bapa inayoweza kushika umbali wote bila kuuharibu, mchora ramani anachagua tu aharibu nini. Peleka hiyo darasani na chungwa moja, menya ngozi, waambie wailaze juu ya meza bila kuipasua. Nimefanya mara nyingi, kuna mwaka mtoto mmoja aliendelea kujaribu mpaka kengele ya kutoka.

Teoria ya nambari pia ni yako, inaanza na hesabu za shule ya msingi na haikuombi mashini yoyote.

Mama Mwalimu, mtoto wangu wa kiume amechagua teoria ya nambari. Nimemuuliza ni kitu gani, anasema ni kusoma nambari zisizogawanyika. Minerval ninalipa kwa kuuza soko. Niambie ukweli wa Mungu, hiyo ni kazi? — Mama B., Kamalondo

Mama mwenzangu, jasho lako nalijua na sitakudanganya. Hakuna ofisi hapa mjini yenye kibao "tunatafuta mtu wa nambari zisizogawanyika". Lakini hizo nambari, zile kama 3, 7 na 11 ambazo hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, ziko ndani ya simu yako sasa hivi. 1977 watu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walitengeneza namna ya kufunga ujumbe kwa funguo mbili, moja unampa kila mtu, nyingine unabaki nayo, na kufuli yenyewe ni nambari mbili zisizogawanyika zilizozidishwa. Kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma kutafuta zile mbili, zikiwa ndefu tarakimu mia kadhaa, mpaka leo mashini za kawaida zinashindwa. Benki na intaneti zimelindwa kwa kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Mwambie akufanyie hivi mezani jioni. Achukue 3 na 11, azidishe, 33. Ujumbe wa siri ni 4. Ufunguo wa watu wote ni 3: anazidisha 4 mara tatu, 4×4×4, ni 64, anatoa 33, inabaki 31. Hiyo 31 kila mtu anaweza kuiona. Ufunguo wake wa siri ni 7: azidishe 31 saba kwa pamoja, 31×31×31 mpaka zifike saba, na kila jibu likipita 33 atoe 33 mpaka lishuke chini yake. Itarudi 4. Halafu umuulize kwa nini imerudi, na kwa nini ni 7 na si 8.

Akikueleza ukaelewa, lipa minerval bila wasiwasi, na umwambie aongeze kozi moja ya programu pembeni, kazi za kulinda kompyuta zinaomba vyote viwili. Akishindwa kukueleza, apewe juma moja arudi kwa asistanti wake, kisha mkae tena.